Majivu Yaliyotuliza Sote

Mwaka uliotangulia, Jumatano ya Majivu, watoto wa shule yetu walicheka wakati wa misa. Na hawakucheka chini chini. Kicheko kilianza kwa wale wa darasa la pili, kikapanda benchi kwa benchi hadi darasa la sita, na chanzo chake kilikuwa paji la uso la mwalimu wetu wa hesabu. Mwenzangu huyu ni mrefu, na nywele zake zimerudi nyuma kwa miaka mingi, hata mtu hajui uso wake unaishia wapi na kichwa kinaanzia wapi. Mupe, ndivyo tunavyomwita padri huku kwetu Lubumbashi, alipofika mbele yake na majivu kidoleni, alisita. Akachora msalaba chini, karibu na nyusi. Akautazama, akaona umebaki peke yake kama kibanda katikati ya uwanja wa mpira. Akachora wa pili juu yake.

Mtoto mmoja nyuma yangu akasema, naye alidhani ananong'ona, "Angalia, Misye wa hesabu banamuandika plus mbili!"

Hapo shule nzima ikamwagika.

Ndiyo maana mwaka huu, Kwaresima ilipokaribia, Masere alituita walimu wote ofisini mwake. Masere ni mtawa anayeongoza shule yetu, mama mfupi mwenye hatua za haraka, na akikuita hukai kabla hajakuambia ukae. Siku hiyo hakumwambia mtu akae.

"Mupe amenipigia simu," akasema. "Anauliza kama batoto betu batakuya tena kucheka mbele ya Mungu. Nimemuahidi hapana. Mwaka huu nataka huzuni."

"Huzuni ya namna gani, Masere?" nikauliza. Mimi nafundisha Kifaransa darasa la tano, na kila kitu kinachohusu liturujia huishia mikononi mwangu kwa sababu siku moja, nilipokuwa bado mgeni, niliinua mkono kukuna shingo wakati wanatafuta mtu wa kujitolea.

"Huzuni ya kweli," akasema Masere. "Yenye kutoka ndani."

Mwalimu wa hesabu, ambaye kwa haki angenyamaza siku hiyo, akapendekeza tufanye mazoezi. Kila darasa lijifunze kuhuzunika kidogo kidogo, kama vile mtu anavyojifunza meza ya kuzidisha ya mbili kabla ya meza ya tisa. Masere akakubali. Sijui kwa nini alikubali.

Kesho yake niliwaambia watoto wangu wafunge macho na kuwaza jambo la kuhuzunisha. Darasa likatulia, nikafurahi. Kisha msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Madamu, miye nimewaza kuku yetu. Balimuchinja siku ya Noeli."

"Vizuri. Na ulihuzunika?"

Akafikiri. "Hapana, Madamu. Alikuwa mutamu."

Darasa la kwanza mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu wao aliwaomba walie kwa kujifanya, nao wakaona ni mchezo mzuri kuliko yote waliyowahi kufundishwa. Walilia mpaka kengele, wakalia wakati wa mapumziko, na mama mmoja aliyekuwa anapita barabarani akaingia mbio uani, kiatu kimoja mkononi, akiuliza kama paa limeanguka. Masere akasimamisha mazoezi. Akasema tumwachie Roho Mtakatifu.

Lilibaki jambo la pili. Kila mwalimu alipaswa kutaja mbele ya wenzake kitu atakachokiacha Kwaresima nzima. Mimi nikasema sukari katika chai. Mwingine akasema mpira wa televisheni, na sote tukajua hawezi. Zamu ya mwalimu wa hesabu ilipofika, alisimama, akafunga vifungo vya koti lake, akasema, "Miye naacha pilipili."

Lazima mjue kwamba mtu huyu hutembea na kichupa cha pilipili katika mfuko wa koti, pale ambapo wanaume wengine huweka miwani. Huitia kwenye avokado. Huitia kwenye embe. Nimemwona kwa macho yangu akiitia kwenye mkate wenye siagi, akafumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

Mama wa jikoni, anayetupikia walimu chakula cha mchana, alikuwa anapita kwenye veranda na ndoo ya maji. Akachungulia dirishani.

"Misye," akasema, "usiseme uongo mbele ya Masere."

"Mama, nasema kweli! Jumanne njo siku ya mwisho. Nitaleta yote yenye kubakia mu bustani yangu, utwange, tukule shiye bote, tuiage."

Na Jumanne akaileta kweli. Mfuko mzima, pilipili zile ndogo nyekundu ambazo ukizishika tu inabidi uangalie mahali unapopeleka kidole. Mama wa jikoni alizitwanga katika kinu chake kikubwa cha mti, kilicho nyuma ya madarasa chini ya paa la jiko, akafunika pua na kitambaa. Yeye ni mtu wa Kasenga, na samaki asiyetoka Kasenga humwita picha ya samaki. Mchana huo alitupikia wa kwao, wakubwa, pamoja na bukari nyeupe, yaani ugali, iliyotoa moshi, na bakuli la pilipili katikati ya meza. Tulikula kama watu wanaofukuzwa nchini. Mwalimu wa hesabu alikichovya kila kipande, akatoa hotuba fupi ya kwaheri kwa lile bakuli, na jasho lilimtiririka kutoka juu kabisa, kwa sababu kwake hakuna nywele za kulizuia.

Mchana ule ule ndipo tulipaswa kutengeneza majivu. Kama kawaida, tulikuwa tumewaandikia wazazi kwenye simu kwamba kila mtoto alete tawi la Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, lile linalokauka nyumbani nyuma ya msalaba. Wengi walileta. Mmoja alileta ufagio. "Mama amesema iko sawa," akanieleza, "inatoka ku muti ule ule." Mwingine alileta kofia ya ukindu ya babu yake. Na mvulana mmoja alinipa tawi bichi, linang'aa, bado lina umande.

"Hili ni la mwaka jana?"

"Ndiyo, Madamu."

"Mbona iko bibichi vile?"

Hakusita hata kidogo. "Tuliiweka mu frigo."

Tuliyachoma matawi kwenye mbabula mbili, majiko yale ya makaa, chini ya paa la jiko kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza. Mama wa jikoni alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Sasa, mtu asiyewahi kuchoma matawi ya mitende anadhani moto ukizimika majivu yako tayari. Sivyo. Unabaki na vijiti vyeusi na mabonge, na huwezi kumpaka mtu bonge usoni. Mwalimu wa hesabu akaona kinu kimegeuzwa kifudifudi karibu na ukuta, kimesuuzwa, kinaonekana safi kuliko hata vikombe vyetu.

"Voila, hiki hapa," akasema.

Masere akapandisha mikono ya kanzu yake, akashika mchi. Alitwanga vizuri, kwa mapigo mazito ya kike, na mimi nikachunga kwa kichujio cha chai. Baada ya muda nikaanza kupiga chafya.

"Ni vumbi la dhambi," akasema Masere. "Acha litoke."

Kisha na yeye akapiga chafya, mara nyingi mfululizo, na mwalimu wa hesabu akasema kwa upole kwamba inaonekana kila mtu ana za kwake. Macho yalituwasha, lakini moshi wa mbabula ulikuwa umejaa pale, na ni nani angewaza jambo lingine? Tulipata bakuli zuri la majivu, meusi, laini kama poda ya mtoto mchanga. Masere aliyafunika kwa kitambaa cheupe, akayabeba kwenda kwenye kikanisa cha watawa kwa mikono miwili.

Jumatano mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka kwa hasira. Misa tuliifanya katika ukumbi wa shule, ambao paa lake ni la bati, na ilipofika saa nne tulikuwa tunachemka humo ndani kama viazi. Mupe alifika akiwa amenuna tangu mlangoni. Katika mahubiri alitukemea kwa muda mrefu. Alisema shule nyingine zinaijua toba, lakini hapa kuna watoto ambao kwao nyumba ya Mungu ni soko la vichekesho, na walimu ambao, na hapo akamwangalia mwalimu wa hesabu, hawasaidii.

Kisha akabariki majivu, na sisi walimu tukatangulia kupanga mstari ili tuonyeshe mfano. Masere alikuwa wa kwanza. Mwalimu wa hesabu akafuata, na safari hii Mupe alikuwa amejiandaa: alichota majivu mengi, akachora msalaba mmoja mkubwa katikati kabisa, wa kutosha watu watatu. Nikafuata mimi. Majivu yalikuwa ya baridi, nikarudi kupiga magoti nikiwa na moyo mtulivu.

Joto lilianza polepole. Kwanza ilikuwa kama mtu ameniwekea usoni kijiko kilichotoka katika chai. Nikajiambia, hii ndiyo neema. Kisha jasho likaanza kushuka kutoka kwenye ule msalaba, likapita katikati ya nyusi, likagawanyika, nusu kulia na nusu kushoto. Likaingia machoni.

Mama yangu!

Nililia. Sikuwa na hiari katika jambo hilo. Kando yangu Masere, ambaye sijawahi kumwona hata na ukungu machoni, alikuwa analia machozi makubwa, mgongo umenyooka, mikono imefumbatwa, bila kujifuta. Darasa la sita wakarudi sehemu zao, wakapiga magoti, wakaanza. Darasa la tano wakafuata. Wale wadogo walijipangusa kwa mikono, wakaeneza, na darasa la kwanza wakafungua vinywa wakalia kwa sauti, na safari hii hawakuwa wanajifanya.

Mupe alisimama na bakuli mkononi. Aliangalia ukumbi mzima unavyolia. Akavua miwani, na kwa kidole gumba, kile kile cha kupakia majivu, akafuta chozi moja dogo la huruma kwenye pembe ya jicho.

Tangu hapo na yeye hakuona tena vizuri.

Mwalimu wa hesabu akainama sikioni kwangu. Uso wake wote ulikuwa na mito myeusi.

"Madamu."

"Nini?"

"Hii harufu miye naijua."

"Nyamaza."

"Iko pilipili yangu."

"Misye, nyamaza, nakuomba!"

"Ya bustani yangu," akasisitiza, na katika kilio chake kulikuwa na fahari ndogo. "Ile ya karibu na ukuta."

Nilijiingizia kitambaa cha kichwa mdomoni. Kicheko kilinijaa mpaka masikioni, nacho hakikuwa na pa kutokea, mabega yangu yakaanza kuruka juu na chini. Masere akaona mabega yale. Akaninyooshea mkono akanipapasa mgongo, taratibu, jinsi unavyomfariji mtu mwenye msiba, akaninong'oneza, "Lia, mama. Lia tu." Nilidhani nitakufa.

Kabla ya baraka ya mwisho Mupe alirudi mbele, macho mekundu kama nyanya.

"Batoto bangu," akasema, na sauti ikamkatika. "Asubuhi nilikuya hapa na fimbo mu mudomo. Munisamehe. Tangu nimekuwa padri sijaona Jumatano sawa hii." Akatoa leso, akajipangusa kwa vidole vile vile, akazidi kulia. Watoto wakazidi kulia. Akatubariki amegeukia ukuta.

Misa ilipokwisha, shule nzima ilikimbilia bomba la uani. Yule mvulana wa frigo alinishika sketi, amefumba macho. "Madamu, zambi zangu ziko zinachoma," akasema. Nikamwosha uso kwa sabuni, nikamwambia zinakwisha sasa hivi. Mupe naye, aliyeoshwa na Masere kwenye sinki la ofisi, alikuwa ameguswa kiasi kwamba alimpa sakristani wake, mtunza vyombo vya misa, majivu yaliyobaki, ayapeleke kwenye parokia yao kule Makomeno kwa ajili ya misa ya saa nane mchana. "Majivu hii iko na baraka," akasema. Kisha akakubali kubaki kwetu kwa mlo ule mmoja wa siku ya kufunga.

Tulikaa mezani, tumenawa, tumevimba. Mupe alikuwa bado anamuuliza Masere ni katekesi gani aliyowapa watoto, na Masere, mtu asiyedanganya, alikuwa anajibu kwamba kusema kweli walifanya mazoezi siku chache tu, ndipo Mama wa jikoni akaingia na sufuria ya sombe. Hakusalimia. Aliiweka sufuria mezani kwa kishindo, akafunua.

Sombe, kila mtu anajua, ni majani ya muhogo, na rangi yake ni kijani. Hii ilikuwa nyeusi kama lami ya barabara ya Kipushi.

"Nauliza tu," akasema Mama wa jikoni. "Ni nani alitwanga makala ya mbabula mu kinu yangu?"

Akatuelekezea kifuniko, mmoja baada ya mwingine.

"Asubuhi nimetwanga sombe yangu muzuri, natazama, iko inageuka nyeusi. Nikasema labda ni macho yangu. Nani aliingia mu jiko yangu bila kuniuliza? Kinu ile jana nilitwanga ndani pilipili ya Misye, hata sijaisugua, niliipitisha tu kikombe moja ya maji!"

Kijiko cha Masere kilisimama hewani. Niliona jinsi wazo lilivyomfikia: kwanza kinu, kisha pilipili, kisha matawi, kisha watoto wote waliolia katika ukumbi. Akageuka polepole kumtazama Mupe.

"Nilisema iko ya karibu na ukuta," mwalimu wa hesabu akanong'ona.

Mupe aliangalia sombe. Aliangalia kidole chake gumba. Kisha kitu kikaanza kutikisika ndani ya kanzu yake, chini, tumboni, kikapanda, na yule mtu aliyetukemea asubuhi kwa sababu ya kicheko alijilaza juu ya meza akapiga ngumi karibu na bukari. Alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye sahani. Masere alijaribu kusema "Mupe, ni Kwaresima," lakini neno lenyewe lilimvunjikia katikati, na sasa hata yeye alikuwa ameshika ubavu. Mama wa jikoni alisimama na kifuniko mkononi akituangalia.

"Kinu yangu imeharibika," akasema, "na beko banacheka."

Ghafla Mupe akainuka.

"Sakristani," akasema.

Alipiga simu. Iliita tu. Tukaingia wote wanne katika jeep yake ya zamani, yeye, Masere, mwalimu wa hesabu na mimi, tumeacha bukari ikipoa. Barabara ilikuwa na madimbwi, na kila tulipoingia katika moja, kichwa cha mwalimu wa hesabu kiligonga paa na Masere akasema "Salamu Maria" bila kumalizia. Tulifika Makomeno kanisa likiwa limejaa, na kwaya ya akina mama ilikuwa inaimba wimbo wa toba. Niliposikia jinsi walivyokuwa wanavuta kamasi kati ya ubeti na ubeti, nikajua tumechelewa.

Paroko wa pale ni mzee mkavu, asiyependa mambo mapya. Mupe alimwendea mbele ya watu wote, akamwinamia sikioni, akamweleza. Tulimwona paroko akisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akatazama ndani ya bakuli, akachovya ncha ya kidole, akaiweka ulimini.

Kanisa zima lilingoja.

"Sakristani ameisha kuchanganya na yetu," akamjibu Mupe, kwa sauti ambayo kipaza sauti kilituletea sote hadi mlangoni. "Sina ingine. Na hii haiko kali sana."

Akamwita mtu anayefuata mstarini.

Tulikaa benchi la nyuma mpaka mwisho, maana haikuwezekana kuondoka. Mama mmoja mzee wa kwaya, aliporudi mahali pake, alijipangusa machozi, akamwambia mwenzake kwamba zamani majivu yote yalikuwa hivi, yalikuwa yanasikika, siku hizi wanapaka watu masizi tu. Mwenzake akaitikia kwamba hata kipandauso kilichomsumbua tangu Jumapili kimekimbia. Masere aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, na sikuthubutu kuangalia mabega yake.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, tulikuta kinu kimewekwa katikati ya veranda. Mama wa jikoni alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake, na chini kulikuwa na mchanga, malimau yaliyokatwa na majani makavu ya kusugulia. Mwalimu wa hesabu alivua koti, akapiga magoti. Masere alitoka ofisini, akaitazama ile hali, akapandisha mikono ya kanzu, akapiga magoti upande wa pili. Mimi nikapewa kazi ya kumimina maji.

"Na ndani kabisa, Masere," akasema Mama wa jikoni. "Kule chini. Njo fasi pilipili inajificha."

"Ndiyo, Mama," akasema Masere.

Walisugua. Watoto walikuwa wanaingia getini mmoja mmoja na mifuko yao mgongoni, wanapunguza mwendo, wanatazama, wanapita. Mwalimu wa hesabu akaingiza mkono mpaka begani, akautoa, akaunusa.

"Misye!" akasema Mama wa jikoni.

"Nanusa tu," akasema. "Kunusa haikatazwe."